Kubuni Kabati la Vifaa Linalosafirishwa Bapa

Kabati la ukutani la kuwekea ruta, swichi na kinasa picha za kamera, likiwa limechomelewa na kukamilika, kwa sehemu kubwa ni hewa iliyozungushiwa bati, na hewa hiyo hulipiwa nauli kutoka Nairobi hadi Lodwar kama vile bati lenyewe linavyolipiwa. Tuchukue mfano wa kabati la yuniti 12 (yuniti ni kipimo cha kimo cha vifaa vinavyoingia ndani) lenye upana wa milimita 600, kina cha milimita 450 na kimo cha milimita 640. Likifungwa likiwa zima, katoni yake huwa na vipimo vya takriban milimita 660 kwa 510 kwa 700, yaani mita za ujazo 0.24 hivi. Likivunjwa vipande na kulazwa vizuri, huingia katika katoni ya milimita 700 kwa 660 kwa 130, ambayo ni mita za ujazo 0.06. Uzito haubadiliki, nao ni kati ya kilo 20 na 24, lakini nafasi imepungua hadi karibu robo.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kwenye mizigo ya ndege, ambako hesabu ya kawaida hugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000 ili kupata kilo za kutozwa. Katoni ya kwanza itatozwa kama kilo 39 ingawa haizifikii. Ya pili ingetozwa kilo 10 kwa ujazo, kwa hiyo mteja hulipia uzito wake halisi tu. Kwenye ofisi za vifurushi za River Road na Accra Road hakuna anayetumia kikokotoo, lakini karani hulitazama sanduku, akatazama buti ya basi, akataja bei, na hesabu yake huwa ni ile ile.

Kwa sababu hiyo mimi huanza kuchora katoni kabla sijachora kabati. Najiuliza kwanza ni nani atakayeibeba. Katoni ya kilo zaidi ya 25 haifai kuinuliwa na mtu mmoja, na katoni isiyoweza kusimama wima nyuma ya mwendesha boda boda itakwama stendi hadi mteja atafute pikapu. Mipaka hiyo miwili, uzito na ukubwa wa uso, ndiyo inayoamua kila kipande kitakatwa wapi. Kabati refu la sakafuni la yuniti 42, kwa mfano, halina budi kugawanywa katika katoni mbili au tatu, na ni heri mgawanyo huo uamuliwe kwenye mchoro kuliko kuamuliwa na mpakiaji akiwa na kamba mkononi.

Vipimo visivyojadiliwa

Vifaa vya raki, yaani vile vinavyofungwa kwenye reli mbili za wima ndani ya kabati, hufuata kipimo cha inchi 19, na hapa msanifu hana uhuru wowote. Uso wa kifaa una upana wa milimita 482.6, nafasi ya wazi kati ya reli mbili haipaswi kupungua milimita 450, na kutoka katikati ya tundu la reli ya kushoto hadi katikati ya tundu la reli ya kulia ni milimita 465.1. Yuniti moja ya kimo ni milimita 44.45, na ndani yake mna matundu matatu ambayo hayakupangwa kwa umbali sawa: ni milimita 15.875, kisha 15.875, kisha 12.7, na mpaka wa yuniti moja na nyingine hupita katikati ya ile nafasi fupi ya 12.7. Nimewaona mafundi hodari wakizungusha namba hizo kuwa 16, 16 na 13 kwa sababu rula haina robo za milimita. Kosa hilo ni zaidi ya nusu milimita kwa kila yuniti, na kufikia yuniti ya 12 limekuwa milimita 6.6, kwa hiyo kifaa cha juu hakiwezi tena kufungwa. Reli zikatwe kwa leza kutoka kwenye faili ya mchoro, zisipimwe kwa mkono. Matundu ya mraba ya milimita 9.5 hupokea nati za kizimba za M6 (nati za bolti ya kipenyo cha milimita 6, zinazonasa ndani ya tundu), ambazo mafundi wa mitandao wanazifahamu na hupatikana madukani mjini.

Bati na mikunjo

Bati jeusi linalouzwa Industrial Area huja kwa karatasi za futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Kwa mwili wa kabati la ukutani natumia unene wa milimita 1.2, na kwa reli milimita 1.5. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85, hivyo kuongeza unene "ili liwe imara" ni kumwongezea mteja nauli. Uimara wa paneli hutoka kwenye kingo zilizokunjwa kuliko kwenye unene. Karatasi ya unene wa milimita 1.2 isiyo na mkunjo hupepea kama gazeti, lakini ikikunjwa kingo za milimita 25 pande mbili inakuwa boriti.

Mikunjo ndiyo inayokula bati. Paneli ya upana wa milimita 600 yenye kingo mbili za milimita 25 haikatwi kwa milimita 650, kwa kuwa kila mkunjo wa nyuzi 90 huwa na punguzo lake, ambalo kwa bati la 1.2 lililokunjwa kwa nusu kipenyo cha ndani cha 1.2 ni takriban milimita 2. Bati bapa linakuwa 646. Kipimo hicho ni zaidi ya nusu ya 1220, kwa hiyo paneli mbili za namna hiyo haziwezi kukaa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi. Kwa upande mwingine, paneli ya kina cha 450 ikikunjuliwa huwa 496, mbili zikikaa pamoja hubakisha utepe wa zaidi ya milimita 220, na utepe huo ndio unaotoka reli. Msanifu anayepanga kina na upana wa kabati akiwa na karatasi ya bati mbele yake hupunguza vipande vya kutupwa bila kumpandishia mteja bei hata kidogo.

Jambo la kingo lina upande wa pili ambao wengi huusahau: kingo ndizo zinazozuia paneli kulala bapa. Paneli sita zenye kingo za milimita 25, zikipangwa moja juu ya nyingine bila mawazo, hufikia kimo cha milimita 150 hata kabla ya kadibodi. Lakini kingo zikiwa za pande mbili tu zinazotazamana, na pande nyingine mbili zikaachwa wazi, paneli mbili pacha zinaweza kugeuziana nyuso na kuingiliana, ukingo wa hii ukipita ndani ya ukingo wa ile, na jozi nzima ikachukua milimita 27 hivi. Jozi tatu hazifiki milimita 85. Reli nne, bawaba na mfuko wa nati hujificha ndani ya uwazi uliobaki kati ya paneli, mahali ambapo pangekuwa na hewa.

Viungo: ulimi, mwanya na bolti ya aina moja

Hapa ndipo kabati la vipande hufaulu au hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Atakayeliunganisha hatakuwa fundi wako. Huenda ni mwalimu wa kompyuta katika shule iliyo nje ya Kitui, au kijana wa mitandao aliyepanda ngazi peke yake na tochi mdomoni. Mtu huyo ana mikono miwili. Kiungo kinachohitaji mkono mmoja kushika paneli, wa pili kushika nati kwa nyuma na wa tatu kuzungusha spana kimebuniwa vibaya, hata kikiwa na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kila paneli lazima iweze kusimama yenyewe kabla ya bolti ya kwanza kuingia. Njia rahisi ni ulimi na mwanya: paneli ya juu na ya chini zina ndimi zilizokunjwa kama ndoano, paneli za ubavu zina mianya, unaingiza na kushusha kwa milimita 10, na kipande kinajishika. Bolti huja baadaye kukaza tu. Nati zote zinazofungia mwili ziwe zimeshabanwa kwenye bati pale karakanani kwa nati za riveti, ili pasiwepo hata moja ya kushikwa kwa nyuma.

Bolti ziwe za aina moja. Ninatumia M6 ya urefu wa milimita 12 yenye kichwa cha mviringo, inayofungwa kwa ufunguo wa alen wa milimita 4, na ufunguo huo natia ndani ya mfuko kwa sababu si kila nyumba ina seti ya alen. Ukitumia M5 mahali pamoja na M6 mahali pengine ili kuokoa shilingi chache, umeanzisha uwezekano wa kukosea, na mtu akishakosea saa mbili usiku hatalaumu taa, atakulaumu wewe. Tundu la kupitishia bolti ya M6 linaweza kuwa milimita 6.4, 6.6 au 7. Kwa kabati la kuunganishwa mbali na karakana nachagua 7, kwa kuwa nafasi ndogo ya kuteleza husamehe mkunjo uliopotoka kidogo.

Rangi ya poda, ule unga unaopuliziwa bati kisha ukayeyushwa kwenye tanuri, nayo ina unene. Nilijifunza hilo kwa gharama yangu. Nilikuwa na oda ya makabati kumi, ndimi zikiwa na unene wa 1.2 kama bati lenyewe, nami nikakata mianya ya milimita 1.4 na kuijaribu karakanani kabla ya rangi. Kila kitu kiliingia kwa ulaini wa kupendeza, hata nikawaita jirani waone. Rangi ya poda hukaa kwa unene wa mikroni 60 hadi 80 kila upande, kwa hiyo baada ya tanuri ulimi ulikuwa umenenepa hadi karibu 1.36 na mwanya umebana hadi karibu 1.24. Mteja alinitumia picha ya nyundo. Paneli zilikuwa zimeingia, lakini rangi ilikuwa imebanduka kwenye kila kiungo, na nililazimika kumfidia yote kumi. Sasa mwanya wa ulimi wa 1.2 naukata milimita 2, na kabati la majaribio halihesabiwi kuwa limejaribiwa mpaka liwe limetoka kwenye tanuri la rangi na kupoa.

Kosa la pili linalojirudia ni vipande vinavyofanana bila kuwa sawa. Una chaguo mbili tu za busara. Ama fanya ubavu wa kushoto na wa kulia kuwa kipande kile kile kabisa, kinachokubali kugeuzwa juu chini bila hasara, jambo ambalo pia hupunguza idadi ya michoro na akiba ya vipuri. Au uvifanye visikubaliane kabisa, kwa kusogeza ulimi mmoja milimita 15 ili kipande kilichogeuzwa kikatae kuingia. Njia ya katikati, yaani vipande vinavyoingia pande zote mbili lakini upande mmoja ni makosa, ndiyo inayozaa kabati lenye matundu ya hewa chini ya rafu na mlango unaofungukia ukutani.

Kwa kabati la ukutani, paneli ya nyuma ipewe heshima yake. Ibuni iwe ya kwanza kufungwa ukutani ikiwa peke yake, na uzito wake hauzidi kilo 4. Vipande vingine viningʼinizwe juu yake kimoja kimoja. Mtu mmoja anaweza kushika kilo 4 kwa mkono mmoja huku akitia alama kwa penseli, ilhali kabati zima la kilo 22 linahitaji watu wawili na ngazi mbili. Matundu yake ya ukutani yawe marefu kidogo kwa ulalo, kwa kuwa drili hukwepa ikikutana na jiwe gumu. Kuta nyingi za Nairobi ni za mawe ya Ndarugo, na humo bolti za kutanuka za M8 hushika vizuri. Ofisi zilizogawanywa kwa jipsamu ni habari nyingine, na huko lazima ubao wa plaiwudi utangulie ukutani.

Umeme, hewa na maji

Kabati lililochomelewa ni kipande kimoja cha chuma, na waya mmoja wa ardhi hulitosha. Kabati la vipande vilivyopakwa rangi ni vipande sita vilivyotengwa na plastiki nyembamba, kwa maana rangi ya poda haipitishi umeme. Acha mahali pasipopakwa rangi kwenye kila paneli kwa kubandika kibandiko cha kuhimili joto kabla ya tanuri, weka washa za meno ya nyota zinazokwaruza hadi kwenye chuma, na mlango uupe waya wake wa kijani na njano badala ya kutegemea bawaba. Kabati la majaribio likishaunganishwa, pima kutoka mlangoni hadi kwenye bolti ya ardhi. Ukinzani usizidi omu 0.1.

Kuhusu joto, Nairobi ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,795, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo feni ile ile huondoa joto kidogo zaidi Nairobi kuliko Mombasa penye joto sawa. Matundu ya kuingiza hewa yawe chini mbele na ya kutoa yawe juu nyuma, yakatwe kwa leza pamoja na paneli. Kwa wateja wa Mombasa na Lamu tumia bati lililopakwa zinki kabla ya rangi, kwa sababu chumvi huanzia kwenye kingo zilizokatwa na kutambaa chini ya rangi.

Na mteja akitaka kabati la kukaa nje kwenye mvua, mimi humwambia ukweli: anunue lililochomelewa. Kabati la vipande lina viungo vingi, kila kiungo kinahitaji mpira wa kuziba, na ubora wa kuziba utategemea mtu usiyemjua.

Kufungasha

Vitu vipangwe kinyume cha utaratibu wa kuvitumia, ili kile kinachohitajika kwanza kiwe juu. Karatasi ya maelekezo na mfuko wa bolti huwa juu kabisa, chini yake paneli ya nyuma, kisha zinazofuata, na mlango, ambao ndio hukwaruzika kwa urahisi na hufungwa mwisho, hulala chini ukiwa umefunikwa povu pande zote. Mfuko wa bolti usiachwe ukicheza ndani. Ubandikwe kwenye paneli ya kwanza, vinginevyo utatoboka njiani na utasaga rangi kwa kilomita mia tano. Ongeza bolti mbili na nati mbili za akiba. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya simu moja ya malalamiko.

Katoni iwe ya kadibodi ya tabaka tano. Mzigo wa bapa hauharibiki ukianguka kifudifudi. Huharibika ukianguka kwa pembe, na mizigo ya basi huanguka kwa pembe kwa sababu mpakiaji huivuta kwa ncha moja. Pembe zote nne ziwekewe vipande vya kadibodi iliyokunjwa mara kadhaa, na paneli zisiguse ukuta wa katoni kwa angalau milimita 20. Usitie kioo mlangoni kama unaweza kukiepuka. Bati lenye matundu linafanya kazi hiyo na halivunjiki. Kwa mizigo inayovuka mpaka wa Malaba au Busia ndani ya kreti za mbao, mbao ghafi zenye unene wa zaidi ya milimita 6 hufuata ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungashia, inayodai mbao zipashwe joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa mhuri. Plaiwudi imesamehewa, hivyo kreti ya plaiwudi hukuepushia safari moja ya ofisini.

Maelekezo na jaribio la mwisho

Karatasi ya maelekezo iwe ya picha, na bolti ichorwe kwa ukubwa wake halisi ili mtu aweze kuilaza juu ya picha na kuitambua. Herufi za paneli, A hadi F, zichongwe kwa leza kwenye ukingo wa ndani, kwa sababu vibandiko hubanduka. Hatua ya mwisho iseme wazi kwamba bolti zote zikazwe kidogo kwanza, mlango ujaribiwe kama unafunga, ndipo zikazwe kabisa. Kabati lililokazwa upande mmoja mapema hupinda, na mlango ndio wa kwanza kusema.

Kisha mtafute mtu asiyejua chochote. Mimi humtumia mpwa wangu anayesoma mambo ya hoteli, na sharti langu ni moja tu: nakaa kwenye kiti, mikono mfukoni, bila kusema neno. Mara ya kwanza aliishika paneli ya ubavu, akaigeuza mara mbili, akaiweka chini, akachukua nyingine, akairudia ile ya kwanza. Nilitaka sana kumwambia, "Hiyo hiyo, ukingo uwe ndani," lakini nilinyamaza nikaandika kwenye daftari: ubavu, sekunde 40, hajui ndani ni wapi. Kesho yake tuliongeza mshale mdogo wa leza kwenye ukingo huo. Kila mahali anapositasita ni mahali pa kurekebisha mchoro, si karatasi ya maelekezo. Lengo langu kwa kabati la yuniti 12 ni dakika 30 bila swali hata moja.

Mwisho, kando ya herufi ya kila paneli, chonga pia namba ya toleo la mchoro. Miaka mitatu baadaye lori litarudi nyuma na kukunja mlango wa kabati lililopo Garissa, na mteja atakupigia simu akitaka mlango peke yake. Atakusomea "F, 04" kutoka kwenye ukingo, nawe utafungua faili hiyo na kumkatia mlango utakaoingia kwenye bawaba zile zile.